Bomba la Upande wa Kulia

Baba alikuwa na hadithi moja aliyotusimulia mpaka tukaichoka. Ilikuwa hadithi ya siku alipovuta maji nyumbani. Bomba kuu la kijiji lilipofika barabarani, majirani walikaa kumsubiri fundi, yeye akachukua sululu na kuanza kuchimba. Mtaro wake ulianzia getini, ukapita upande wa kulia wa nyumba chini ya dirisha la chumba chake, ukaishia nyuma kwenye zizi, na ng'ombe wakanywa maji ya bomba kabla ya watu. Sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa udongo. "Udongo wa huku ni unga mtupu," alikuwa akisema. "Sululu inazama mpaka kwenye mpini. Nilichimbaga peke yangu, chai ya asubuhi nikainywea zizini." Mama akipita na sufuria yake alimchokoza, "Mwaka jana ilikuwa uji, leo imekuwa chai."

Nyumbani kwetu ni upande wa Butiama, ambako mawe makubwa yamekaa katikati ya mashamba kama wageni waliokuja kusalimia wakasahau kuondoka. Ukilima unakutana nayo, ukijenga unayazunguka. Kuwa na upande mzima wa nyumba usio na jiwe ni bahati, lakini baba aliisimulia bahati hiyo kama kazi ya mikono yake mwenyewe. Wageni wote waliwahi kupelekwa kuuona. Hata mchungaji, alipokuja kubariki nyumba, alionyeshwa udongo kwanza ndipo akaruhusiwa kuomba.

Miaka ikapita na bomba likazeeka. Lilikuwa la chuma, na chuma ndani ya ardhi hakina maisha marefu. Maji yakaanza kutoka na rangi ya chai, kisha yakapungua mpaka ndoo moja ikawa kazi ya kusubiri. Palipovuja baba alifukua, akafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akafukia. Tulipomwambia zimetoka bomba nyeusi za plastiki, zinazokuja zimeviringwa na hazijui kutu, alitutazama kama tuliomwambia abadilishe mke. Bomba lake lilikuwa zima, alisema, ila sisi watoto wa mjini tumezoea kulalamika.

Halafu akaanza kukonda. Mimi ninauza vitenge mjini, Mwisenge, na nilikuwa nikimwona kila nilipopata nafasi ya kwenda nyumbani, na kila mara shati lilikuwa limezidi kuwa kubwa. Kaka yangu, ambaye ananunua samaki kisiwani Rukuba na kuwauza mjini, aliacha biashara akampeleka hospitali ya mbali. Daktari alimwita kaka pembeni. Kaka alirudi na baba, na mfuko wa dawa za maumivu, na uongo aliouandaa njiani: ni vidonda vya tumbo, aache maharage na pilipili, atakaa sawa.

Ukweli alitwambia kwa simu. Nakumbuka nilikuwa nimepanda kwenye stuli nateremsha kitenge cha juu kabisa, na mteja ananiambia siyo hicho, kile cha njano. Nikateremsha cha njano. Nikampimia, nikamkunjia, akaenda zake, ndipo nikakaa chini nyuma ya meza nikalia na uso wangu ndani ya vitambaa vya watu.

Kwetu mgonjwa wa namna hiyo haambiwi. Wenye elimu watasema tunamnyima haki yake, na huenda ni kweli, lakini mimi nimekulia pale na ninajua tunachoogopa. Mtu akishaambiwa, anageuza uso ukutani. Anaacha kula, anaacha kuuliza habari za ng'ombe, na watu wanaomsalimia wanapunguza sauti. Sikubishana na kaka. Nilitaka baba aendelee kuuliza habari za ng'ombe. Kwa hiyo tukashika jambo moja, mama, kaka, mimi na baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata ambaye boma lake linaanza pale letu linapoishia: baba asijue.

Habari ya maji iliingia hapo kwa sababu ya mgongo wa mama. Baba alikuwa hawezi tena kwenda kuoga nje, na mama alikuwa akibeba ndoo kutoka kwenye bomba la zizini, kuzunguka nyumba, kupanda ngazi za mbele, mpaka chumbani. Bafu la ndani lilikuwepo. Baba alilijenga akiwa na nguvu, lakini halikuwahi kupata maji hata siku moja, likawa stoo ya magunia ya mahindi. Niliamua bafu lile lipate maji, na maji yenyewe yawe safi, yasiwe ya rangi ya chai. Nilimwambia baba ni kwa ajili ya mama. Akakubali haraka mno, na haraka ile ilinitisha, maana si kawaida yake kukubali kitu bila kukitukana kwanza.

Fundi nilimtoa Manyamanyama, Bunda. Alikuja kwa bodaboda na viringo la bomba jeusi shingoni na begani, akashuka akiwa amekakamaa kama aliyevalishwa tairi la trekta. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, na blanketi miguuni ingawa jua lilikuwa kali. Alicheka sana. Alimuuliza fundi kama bomba limembeba yeye au yeye amelibeba bomba. Niliona meno ya baba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nikajisemea kwamba hata likivuja lote, limeshafanya kazi yake.

Fundi alipima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapigilia vigingi na kuvuta kamba upande wa kulia. Njia ilikuwa fupi na bafu lenyewe liko upande huo huo. Mtaro wa zamani upo, angeufuata tu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi kwa sababu kila mtu analijua. Katika ukoo wetu mwenye nyumba anazikwa upande wa kulia wa mlango wake, upande wa mkono wa kulia ukiwa unatoka nje, na mkewe siku yake ikifika analazwa pembeni yake. Babu yuko hivyo. Nyumba yake imeshaanguka, lakini ukiliona kaburi unajua mlango ulikuwa wapi. Mtu akiwa mzima hakuna anayeutaja upande huo kwa jina hilo. Watoto wanaucheza, kuku wanaufukua, mama anauanikia mihogo. Lakini hujengi banda pale, wala hupandi mti wa kudumu. Bomba la baba lilipita pale kwa sababu alipolichimba alikuwa kijana, na kijana hawazii mambo hayo.

Baba mdogo aliyawaza. Alikuwa na sababu yake. Kwenye msiba wa jamaa yetu mmoja ng'ambo ya kilima, yeye ndiye aliyesimamia wachimbaji, na sululu ya mmoja wao ilipasua bomba. Kaburi likajaa maji huku jeneza liko chini ya turubai na waombolezaji wanangoja. Walichota kwa ndoo mpaka jua likapoa. Marehemu yule alikuwa mtu wa maana, amesomesha watoto, amejenga kanisa, lakini mpaka leo ukimtaja watu wanasema, yule aliyezikwa bwawani. Baba mdogo hakutaka kaka yake aitwe hivyo. Ninalijua hilo, na siku nikiwa na roho nzuri ninamsamehe kwa ajili hiyo.

Alifika asubuhi ile kwa mguu, akapita getini, akaiona kamba. Hata hakumsalimia baba kwanza.

"Hapana," akasema. "Huku hapana."

Fundi akainuka. "Kwa nini, mzee? Si ndiyo karibu na bafu? Na bomba la zamani liko huku huku."

"Hilo la zamani nalo litolewe. Lote, lisibaki hata kipande. Jipya lizungukie kushoto."

"Kushoto nitazunguka nyumba nzima, mzee wangu."

"Zunguka."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akiparua furu, wale samaki wadogo ambao baba alikuwa bado anaweza kuwala. Kisu kikasimama. Mimi nilikuwa mlangoni na birika mkononi. Nilielewa mara moja, na nilimwona mama ameelewa, na kwa sekunde chache nilitumaini kwamba ni sisi tu.

"Kuna nini huko?" baba akauliza kutoka kitini.

Nilimwona baba mdogo akitafuta neno. Alitazama chini, akatazama kamba, akatazama kilima. Angeweza kusema siafu. Angeweza kusema shimo la choo cha zamani, au nyoka, au kwamba mizizi itaharibu bomba. Dunia ina uongo wa kila aina, unatosha watu wote.

"Mawe, kaka," akasema. "Huku kuna mawe sana. Fundi atavunja sululu bure."

Nilimsubiri baba acheke. Nilimsubiri aanze ile hadithi, udongo ni unga, sululu mpaka kwenye mpini, chai ya asubuhi zizini. Wallahi nilitamani kuisikia, mimi niliyekuwa nikiikimbia kila Krismasi. Nilitamani amtukane mdogo wake mbele ya fundi mgeni, amuulize ni mawe gani hayo yaliyoota bila yeye kuyaona.

Baba alimtazama ndugu yake. Akaitazama kamba iliyovutwa chini ya dirisha lake. Kisha akamtazama mama, na mama akainamia samaki.

"Kweli," baba akasema. "Mawe ya huku ni mengi. Yalinitesaga sana."

Halafu akaomba chai.

Nilimmiminia. Sikuangalia kikombe, chai ikajaa kwenye sahani, na yeye akaiinua sahani akainywa, kama alivyofanya siku zote ikimwagika. Niliingia ndani nikasimama katikati ya magunia ya mahindi. Sikuwa na pa kupeleka moyo wangu. Tulikuwa tumemfichia kwa simu, kwa dawa zilizobandikwa majina mengine, kwa kicheko cha bandia, na sasa tumekuja kumwambia kwa kamba ya fundi, mchana kweupe, kwenye uwanja wake mwenyewe.

Upande wa kushoto ndiko yalikokuwa mawe. Kila mtu pale nyumbani alijua. Fundi alichimba kidogo, sululu ikalia, akasogea, ikalia tena. Ikabidi ayachome. Alipanga kuni juu ya jiwe, akawasha, likiwa limepata moto sawasawa akalimwagia maji ya baridi, likapasuka, akamalizia kwa nyundo. Kisha linalofuata. Siku nzima, na siku iliyofuata, na nyingine tena, kelele ile ilizunguka nyumba na kuingia chumbani alimolala baba. Mlio wa nyundo juu ya jiwe hauna namna ya kuufunika. Nilifungua redio kwa sauti ya juu. Baba akaniambia niizime, inamwumiza kichwa.

"Dada," fundi aliniambia akijifuta jasho, "nani alikwambia huku hakuna mawe?"

"Pole, fundi," nikamjibu. "Kunywa maji."

Alikuwa na hasira na alikuwa na haki nayo. Lakini ilifika siku ya kung'oa bomba la zamani, na baba akaomba fimbo yake. Mama alimkataza. Akaomba tena kwa sauti ile ambayo hakuna aliyeipinga katika nyumba ile. Tukamshika huku na huku, tukatoka naye, tukapita polepole mpaka chini ya dirisha. Fundi alikuwa ameshafukua sehemu. Udongo ulikuwa umelala pembeni ya mtaro, mwekundu, laini, hauna hata kokoto. Hakuna kati yetu aliyeuangalia.

Baba akagusa ardhi kwa ncha ya fimbo. "Hapa," akamwambia fundi. "Hapa kuna kiungo. Niliunganisha vipande viwili, nikakifukia chini zaidi ya vingine. Usikiache. Baadaye kinaweza kusumbua watu."

Fundi alitazama udongo mkononi mwake. Akatazama mlango wa nyumba, akatazama ni upande gani amesimama. Ni mtu wa Bunda, lakini mambo ya majumbani kwetu hayapishani sana. Alivua kofia.

"Sawa, baba," akasema. Mpaka siku hiyo alikuwa akimwita mzee.

Akachimba pale pale, akakitoa kiungo, akakifuta kwa kiganja na kumpa. Baba alikigeuzageuza. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, lakini nyuzi za mkonge alizozungushia kwenye meno ya kiungo kabla ya kukaza zilikuwa bado zinaonekana. Alikirudisha kwa fundi akasema amechoka, tumpeleke ndani. Fundi akarudi upande wa kushoto, akawasha moto kwenye jiwe lililobaki, na sikumsikia akilalamika tena.

Maji yalifika bafuni. Magunia yalikuwa yameshahamishiwa jikoni, mama ameosha sakafu, fundi amefunga koki mpya inayong'aa. Siku ya kwanza mama alimwingiza baba humo kumwogesha, nami nikabaki nje ya mlango na taulo, maana si kazi ya binti kumwona baba yake akioga. Nilisikia koki ikifunguliwa. Maji yalitoka kwa nguvu, mlio wake mkubwa, mlio ambao nyumba ile haikuwahi kuwa nao.

"Hayana kutu," baba akasema.

"Hayana," mama akajibu.

"Yamepita kwenye mawe ya bwana mdogo yakachujika."

Mama akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha puani, na baba akacheka naye, na mimi pale nje nikajikuta nacheka na machozi yananitoka. Kisha kicheko cha mama kikageuka. Nilikisikia kikigeuka. Akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye hakuwa amelia mbele ya mtu tangu kaka alipopiga ile simu.

"Nyamaza," baba akamwambia, taratibu. "Nyamaza mama. Mtoto yuko nje ya mlango, atasikia."

Niliitundika taulo kwenye kitasa. Niliondoka kwa kunyata mpaka zizini, nikasimama na ng'ombe, kwa sababu alitaka nisisikie na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Tuliishi hivyo kwa muda uliobaki. Yeye alituficha kwamba anajua, na sisi tuliendelea kumficha anachokijua. Aliniuliza habari za dukani, nikamdanganya kwamba biashara inakwenda vizuri. Kaka alileta sato wakubwa kutoka Rukuba na baba akawasifia, akala kijiko kimoja. Aliuliza habari za ng'ombe mpaka siku aliyoacha kuongea. Alipozidiwa mama alimwogesha kitandani kwa ndoo, na siku alipofariki, nilipomwaga ndoo ya mwisho, pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani.

Kwenye msiba kila kitu kilikwenda kama baba mdogo alivyotaka. Hakuna sululu iliyopasua bomba. Wachimbaji walianza baada ya sala ya asubuhi, na kabla uji haujaiva kaburi lilikuwa limefika kifuani kwa mtu. Nilikuwa kwenye koki ya nje, ile fundi aliyoiacha upande wa kushoto kwa ajili ya mifugo, nikijaza ndoo za jikoni. Mmoja wa wachimbaji alikuja kunawa. Hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa ameoa kijiji cha jirani, amekuja kusaidia tu. Alitazama vipande vya mawe meusi yaliyoungua, vilivyokuwa bado vimerundikwa kando ya mtaro uliofukiwa.

"Poleni na msiba, shemeji," akasema. "Ila nishangae kidogo. Udongo wa kule mzuri namna ile, tumechimba kama tunachota unga. Mbona bomba mlilipitisha huku?"

Baba mdogo alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, amejifunga shuka, na nilijua amesikia kwa sababu alishika ukuta. Mikono ya yule mtu ilikuwa imejaa udongo wa baba, mwekundu, hauna hata punje ya changarawe, na maji yalikuwa yanauondoa.

"Kule kuna mawe," nikamwambia.

Alinitazama akidhani hajasikia vizuri.

"Mawe mengi," nikasema. "Yalimtesaga sana baba."